Ugeni katika Fani: Suala la Kimaadili kwa Msanii wa Picha na Sauti

Methali isemayo kuwa mshika mbili moja humponyoka imetumiwa mara nyingi kumkemea msanii anayevuka mipaka ya fani. Mshairi akichonga, au mchongaji akishika kamera, husemekana amepotea njia. Swali linalozuka ni hili: je, kuzipokea fani nyingi ni fadhila, au ni kukosa uaminifu kwa kila mojawapo? Swali hili lina uzito Kisii na Nyamira, ambako msanii mmoja mwenye kamera, kinasa-sauti na kompyuta aweza kukusanya kwa siku moja wimbo, mchongo na masimulizi, akavifanya kazi yake.

Yafaa ikumbukwe kwamba mipaka hiyo yenyewe si ya asili. Mpigaji wa obokano, ala ya Abagusii yenye nyuzi nane na sauti nzito, hupiga, huimba na husimulia kwa wakati mmoja. Ni idara za vyuo vikuu zilizoukabidhi muziki kwa mtaalamu mmoja, masimulizi kwa mwingine na uigizaji kwa wa tatu. Kwa mtazamo huu, msanii anayezichanganya fani haanzishi jambo geni, anarudi nyumbani.

Hata hivyo, hoja hiyo ikiachiwa hapo itapotosha, kwani jiwe la sabuni la Tabaka linatoa ushahidi mwingine. Jiwe hilo huchimbwa kwa zana za mkono. Mchongaji hulitia umbo. Kisha, aghalabu, wanawake hulisugua kwa msasa na maji hadi ling'ae. Kila mkono una maarifa ambayo mwingine hauna. Lakini sanamu ifikapo sokoni, aliyeisugua hatajwi. Hapa pana onyo: anayejinadi kuwa yu tayari kwa kila fani huenda anaificha tu mikono ya wenziwe.

Basi kipimo cha kimaadili si idadi ya fani anazozigusa msanii. Kipimo ni iwapo fani aliyoiendea imeruhusiwa kuibadilisha kazi yake. Wimbo wa obokano ukikatwa ili utoshe urefu wa picha, haujapokewa, umetumiwa. Picha ikisubiri mwimbaji amalize kisa chake, na mhariri akakubali mwendo wa wimbo uwe mwendo wa filamu, hapo kuna kupokeana. Mchongaji Elkana Ong'esa, mzaliwa wa Gusii, alisoma Makerere na kisha McGill nchini Kanada. Elimu hiyo ilimpanua bila kumfanya aliache jiwe la kwao. Uaminifu kwa fani moja haukumfungia mlango. Ulimpa mahali pa kusimama alipowaendea wengine.

Pana pingamizi lisilopuuzika. Kijana wa Nyamira anayeishi kwa kurekodi arusi na matangazo hana miaka ya kukaa miguuni pa fundi. Kumdai umahiri wa kila fani ni kumfungia nje, na kuwaachia wenye nacho uwanja wa majaribio. Pingamizi hili ni la haki, lakini lahusu umahiri, si uwajibikaji. Asiyeweza kuwa fundi aweza kumtaja fundi, kumlipa, na kumrudishia kazi aitazame na kuikosoa kabla haijatoka. Hayo hayahitaji miaka, yahitaji unyenyekevu.

Kwa hiyo methali ifaayo zaidi katika mjadala huu ni ile isemayo mgeni njoo mwenyeji apone. Mgeni hadai nyumba kuwa yake, wala haondoki na vyombo. Anapokewa, naye kuja kwake kunamfaa mwenye nyumba. Mhakiki naye ana wajibu hapa. Anapoipima kazi iliyochanganya fani, asiulize tu imeungana vizuri kiasi gani. Aulize pia ni mwenyeji yupi aliyepona.