Mkono Upigao Bila Kujua

Tuseme mama mzee, ambaye kumbukumbu zimekwisha kumtoka, ametiwa katika makao ya wazee. Asubuhi mtumishi aja kumwosha; yule mama apiga kelele, amkwaruza usoni, amtemea mate. Je, mtumishi atende nini? Wako wasemao: Amwonyeshe ukali, apate kushika adabu. Nasi twauliza: adabu gani itashikwa na mtu asiyekumbuka leo alilotendewa jana?

Mtu hulaumiwa kwa lile alilolijua na kulitaka. Asiyejua wala kutaka hana hatia, na adhabu haimrekebishi. Humtia hofu tu, na hofu huzaa vita vipya. Kumshika mkono asije akamwumiza mwenziwe ni halali, maana kuzuia si kuadhibu. Lakini hapana budi kutafuta sababu. Wajuzi wa kazi hii hufundisha kwamba tendo kama hilo ni lugha ya aliyeishiwa maneno. Huenda jino lamwuma, au maji ni baridi, au amwona mgeni asiyemjua akimvua nguo. Ni mama gani asiyetetea heshima yake? Basi mtumishi asimame mbele yake, ataje jina lake, aseme polepole. Akikataliwa aondoke, arudi baada ya kitambo.

Pasipo moyo huo, ubaya hauna mpaka. Mwaka 2011 televisheni ya BBC ilifichua mambo ya Winterbourne View, hospitali ya watu binafsi karibu na Bristol, Uingereza. Wagonjwa wenye ulemavu wa akili walipigwa na kudhihakiwa na wale waliolipwa kuwatunza. Hospitali ilifungwa mwaka ule ule. Na mwaka 2012 watumishi 11 walihukumiwa, 6 kati yao wakatiwa gerezani.

Hata hivyo, ndugu wasomaji, tusiwahukumu watunzaji wote kwa wepesi. Mzigo wa mwenzio ni kanda la usufi. Mtumishi aliyekesha peke yake na wagonjwa wengi, wala hakufundishwa, uvumilivu wake una kikomo. Uchovu hauhalalishi kofi. Lakini mkubwa aliyemwacha peke yake anashiriki kosa lile. Nasi jamaa, tuliompeleka mama yetu kule tusirudi kumtazama, tunashiriki pia. Maana ni sisi tujuao wimbo aupendao, chakula akichukiacho, na jina aliloitwa utotoni. Twendeni tukawaambie.