Je, dhuluma inazeeka?

Bismillahi Rrahmani Rrahim.



Mtu akimnajisi binti, kisha miaka ikapita, je, kosa lake limekwisha? Serikali ina hesabu yake. Kanuni ya adhabu ya 1940 iliweka miaka 10 kwa makosa makubwa, kuanzia siku ya tendo. Ikipita bila mashtaka, parke haimfuati tena mtu. Sheria ya 20 Julai 2006 iliweka kwa ubakaji kifungo cha miaka 5 hadi 20, nao ukaingia katika hesabu hiyo. Kwa ubakaji wa vita, raia wanaposhambuliwa kwa wingi, Mkataba wa Roma ambao Kongo iliukubali 2002 hauweki mwisho wa miaka. Lakini mtoto wa miaka 8 aliyeharibiwa nyumbani na mtu wa jamaa? Kwa hesabu hiyo ya 1940, anafika miaka 18, na mlango unafungwa.

Wanasheria wana hoja: mashahidi wanakufa, wanasahau, na asiye na kosa anaweza kufungwa. Si hoja ya kudharau. Katika hadithi ya Wail bin Hujr, iliyopokewa na Abu Dawud na Tirmidhi, mwanamke alishambuliwa akienda kusali. Watu wakamkamata mtu siye, mambo yakiwa bado mabichi, mpaka mwenye kosa akasimama mwenyewe. Basi kukosea hakuletwi na miaka tu. Dawa yake ni kupima ushahidi. Na mwanamke yule Mtume (s.a.w.) hakumlaumu.

Wanachuoni wa Kihanafi walikataa ushahidi uliocheleweshwa bila udhuru katika adhabu za hudud. Lakini haki ya mja haianguki kwa kupita siku: aliyedhulumu atailipa, hapa au kesho Akhera kwa mema yake.

Sasa, nani anaikula ile miaka 10? Mara nyingi ni sisi. Wazee wanaketi, wanapokea mbuzi na dola, wanamwambia mama anyamaze asiharibu jina la jamaa. Wengine wanamwoza binti kwa huyo huyo aliyemharibu, wanaita suluhu. Wallahi, suluhu ni ya mwenye haki, na mwenye haki hakuulizwa!

Binti akikueleza jambo la miaka 6 iliyopita, usimuulize kwa nini alikaa kimya. Mpeleke kwa mwanasheria, usikawie. Na kama ni la jana, hospitali kwanza, kabla ya saa 72 kupita, maana dawa ya kuzuia virusi vya Ukimwi haifai baada ya hapo.