Vimelea Havikuonekana

Katika rejista za maabara zetu kuna maneno mawili yanayoandikwa tena na tena: "Vimelea havikuonekana." Ni majibu ya kipimo cha malaria kwa hadubini, pale mpimaji anapotafuta vimelea asivione. Waliotufundisha kuandika hivyo hawakutaka tuandike "hana malaria". Walijua kwamba jicho linaweza kukosa kilichopo. Kwa hiyo anayeandika maneno hayo anatoa ushahidi: niliketi, nikatazama inavyotakiwa, sikuona.

Kisa hiki ni cha kijana aliyetoa ushahidi huo bila kutazama. Nilisoma naye stashahada ya maabara, tukaenda fildi, yaani mafunzo kwa vitendo, pamoja katika hospitali moja ya wilaya. Amenikubalia nikisimulie mradi nisimtaje jina. Nimeamua kukiandika kwa sababu kila mwaka napokea wanafunzi wapya, nao huanza kutembea kwenye njia ile ile bila kujua inakoelekea. Mimi pia niliitembea.

Wengi wetu tuliingia chuoni tukitokea kidato cha nne, tuna ufaulu wa Kemia, Biolojia na Fizikia, na wazazi wamesikia kwamba kazi ya maabara ina ajira. Tuliulizwa vyeti, ada na koti jeupe. Hakuna aliyetuuliza kama tunaweza kukaa kitini saa nzima tukitazama kitu kisichobadilika. Na kazi hii, kwa sehemu kubwa, ndiyo hiyo.

Mwenzangu alikuwa wa kwanza darasani katika somo la vimelea. Alijua kwamba tone nene haligandishwi kwa methanoli, na kwamba tone jembamba hugandishwa. Alijua Giemsa ya asilimia 10 hukaa juu ya slaidi dakika 10 hivi, nayo ya asilimia 3 hukaa zaidi ya nusu saa. Alikuwa na mikono myepesi. Tone lake la damu lilikauka likiwa duara safi, sisi yetu yakiwa kama ramani. Mwalimu aliposimulia habari za Laveran, daktari wa jeshi la Ufaransa aliyekiona kimelea cha malaria kwa mara ya kwanza nchini Algeria mwaka 1880, tena katika damu ambayo haikupakwa rangi yoyote, ni yeye aliyenyoosha mkono kuuliza ilimchukua muda gani kutazama.

Lakini hadubini za chuo zilikuwa chache, sisi tuko wengi. Siku ya mazoezi mwalimu alitega slaidi yenye vimelea, akakiweka kimoja katikati ya lensi, nasi tukapita mmoja mmoja. Unainama, unakiona, unasema "nimeona, mwalimu", unampisha anayefuata. Tulijifunza kukitambua kilichokwisha kupatikana. Kutafuta hatukujifunza. Simlaumu mwalimu, kwa maana alifanya alichoweza kwa vifaa alivyokuwa navyo, ila nawasihi mnaosoma sasa: usitoke chuoni kabla hujaisukuma slaidi mwenyewe, uwanja kwa uwanja, mpaka viwanja 100 vya lensi ya mafuta, kwenye slaidi ambayo hakuna aliyekuambia ina nini. Ombeni nafasi hiyo hata jioni, hata Jumamosi.

Fildi ilitukuta hatuna uwezo huo, na logibuku, daftari la kazi zetu, ilidai idadi. Slaidi kadhaa, picha kamili za damu kadhaa, mikojo kadhaa, kila moja na sahihi ya msimamizi. Msimamizi wetu, mzee mpole tuliyemwita Mzee wa Maabara, alikuwa na watumishi wawili tu kwa foleni iliyofika mpaka kwenye mwembe wa nje. Alituamini kwa sababu hakuwa na njia nyingine.

Dalili ya kwanza niliiona wiki ya pili. Saa nne, wakati wa chai, mwenzangu alikuwa amekwisha kujaza majibu ya slaidi 32. Tulianza kazi saa mbili. Slaidi isiyo na vimelea, ukiisoma kwa uaminifu mpaka viwanja 100, inakula kama dakika kumi. Hata mwenye uzoefu hawezi kuikimbiza sana. Slaidi 32 ndani ya saa mbili hazisomeki. Nilipiga hesabu hiyo kichwani nikaiacha. Niliona aibu kuuliza, maana mimi nilikuwa nimesoma saba tu, na watumishi walikuwa wakimsifu kwa kasi.

Dalili ya pili ilikuwa friji. Vitendanishi vyetu vilitakiwa kukaa kati ya nyuzi 2 na 8, na joto la friji lilisomwa asubuhi na jioni na kuandikwa kwenye chati mlangoni. Zamu ilikuwa yake. Chati nzima ilisoma 4, 4, 4, hata siku ambayo umeme ulikatika tangu usiku na jenereta ikagoma. Jumamosi moja niliikuta imekwisha kujazwa mpaka Jumatatu. Nilicheka, na wiki iliyofuata zamu ilipofika kwangu, nikafanya vivyo hivyo. Naandika haya kwa uchungu. Nilijiambia kwamba friji ni nzima, namba ni namba tu, nani atadhurika. Mkono wangu ulijifunza siku hiyo kuandika kitu ambacho jicho halikukiona, na sikusikia chochote ndani yangu kikikataa.

Ya tatu ndiyo iliyopaswa kuniamsha. Niligundua kwamba mwenzangu anaisoma fomu ya daktari zaidi kuliko anavyoisoma slaidi. Daktari akiandika kwamba anahisi malaria, majibu yanatoka na alama moja ya jumlisha, yaani vimelea vichache. Akiandika nimonia, vimelea havikuonekana. Wakati mwingine alimwuliza mgonjwa dirishani, "Mama, homa ilianza lini?" Nasi tukaona ni upole. Majibu yake hayakuwahi kumshangaza daktari hata mara moja. Maabara inayokubaliana na daktari kila siku ina ugonjwa wake, nami nilikuwa nimesimama mita mbili kutoka hapo.

Ya nne ilikuwa slaidi zenyewe. Lensi ile ya mafuta haioni vizuri bila tone la mafuta juu ya slaidi, na mafuta hayo huacha alama hata ukiyafuta. Jioni moja nilipokuwa nazipanga slaidi zake kwenye boksi la akiba, vidole vyangu vilibaki vikavu. Nyingi hazikuwahi kuguswa na mafuta. Nilizipanga zote, nikafunga boksi, nikanawa mikono.

Siku kumi baadaye aliletwa mtoto wa kike wa miaka mitatu. Wiki mbili kabla alikuwa amemaliza dawa mseto, na homa imerudi. Daktari alijua kwamba kipimo cha haraka kisingemsaidia, kwa sababu kinakamata protini ya kimelea, na protini hiyo yaweza kubaki kwenye damu kwa wiki kadhaa baada ya mgonjwa kupona. Kwa hiyo aliagiza slaidi. Ilikuwa siku ambayo jicho la mtu pekee ndilo lingeweza kujibu. Kwenye fomu, daktari aliandika kwamba anahisi maambukizi ya njia ya hewa. Majibu yakatoka: vimelea havikuonekana. Mama alipewa dawa ya antibiotiki akarudi kijijini.

Walirudi siku ya tatu usiku, mtoto akiwa na degedege. Wingi wa damu ulikuwa umeshuka mpaka 4.1. Mtumishi wa zamu alipaka slaidi mpya, akakuta zaidi ya vimelea kumi katika kila uwanja. Mama alikuwa amesimama mlangoni pa maabara, khanga imeloa, akarudia sentensi moja: "Mlisema hakuna. Mlisema hakuna." Hakuwa akimfokea mtu. Alikuwa kama anayetaka asaidiwe kuelewa.

Mtoto aliongezewa damu, akachomwa sindano za atesuneti, akapona. Tulimwona akitoka wodini siku ya sita, amebebwa mgongoni, anatazama watu. Nalisema hili mapema ili msomaji asibaki na hofu. Lakini tusijidanganye, saa chache zingetosha kukigeuza kisa hiki.

Asubuhi baada ya usiku ule wa degedege, Mzee wa Maabara alifungua boksi la akiba na kuitafuta slaidi ya kwanza ya mtoto. Aliinyanyua kwenye mwanga wa dirisha. Kavu. Akaitia mafuta mwenyewe, akaketi. Vimelea alivipata kwenye uwanja wa tatu. Hakupandisha sauti. Aliuliza tu, "Mwanangu, hii uliisoma?" Mwenzangu akanyamaza. Mzee akaanza kutoa slaidi nyingine moja moja na kuzipitishia kidole, na mimi nikajua anachokitafuta kabla hajasema, kwa sababu kidole changu kilikuwa kimekwisha kupita huko.

Mwenzangu alirudishwa chuoni siku ile ile, na hakumaliza stashahada. Leo anaendesha duka la vifaa vya ujenzi, na ni mtu mwema. Miaka kadhaa baadaye tulikutana stendi, tukakaa kusubiri basi. Nilimwambia kuhusu slaidi kavu nilizozipanga. Nilidhani sitaeleweka, lakini alielewa mara moja.

"Kumbe uliona," akasema.

"Niliona."

"Ungeniambia, ndugu yangu. Wewe ungeniambia, ningekusikiliza. Mimi nilishazoea, nilikuwa sioni tena kama ni kosa."

Sikuwa na jibu, na mpaka leo sina. Nimejiuliza mara nyingi nilikuwa namlinda nani. Si yeye, kwa kuwa alipoteza zaidi kuliko ambavyo angepoteza kwa karipio moja la jioni. Si mtoto yule. Nadhani nililinda ile chati ya friji yenye mwandiko wangu. Mtu aliyepika namba ndogo hupoteza ujasiri wa kumgusa bega mwenzake aliyepika kubwa. Wewe uliye fildi sasa, kama tayari una chati ya namna hiyo, iseme leo kwa msimamizi wako. Itakuuma siku moja, na baada ya hapo utakuwa na mdomo wa kumsaidia jirani yako.

Sasa mimi ndiye ninayesaini logibuku. Nimefuta idadi za haraka kadiri ninavyoruhusiwa, na kila mwanafunzi anayekuja hupewa slaidi ambazo majibu yake ninayo mimi tu. Jioni mimi hupitisha kidole juu ya slaidi zao, nao wanajua.

Mwezi uliopita binti mmoja alinijia saa tisa alasiri, foleni bado ndefu, slaidi mkononi. "Mwalimu, hii nimefika viwanja 40 tu, na daktari ameshaulizia majibu mara mbili. Niandike nini?" Alikuwa anatetemeka kidogo. Nilimwambia aandike kwenye rejista kwamba bado inasomwa. Kisha nikaenda mwenyewe kumwomba daktari asubiri, na niliporudi nilimkuta ameinama tena kwenye hadubini, midomo ikihesabu kimyakimya: arobaini na nane, arobaini na tisa.