Mtumishi Asiyeonekana



Mwaka 1988, katika maabara ya kampuni ya Xerox huko Palo Alto, Marekani, mtaalamu aitwaye Mark Weiser alianza kueleza jambo geni. Alisema siku zaja ambapo kompyuta hazitakaa tena mezani kumsubiri mtu aziendee. Zitakuwa ndogo, tena nyingi, nazo zitaingia katika vitu vya kila siku, hata tuzitumie pasipo kuzifikiri, kama mtu afunguaye bomba asivyofikiri habari za mipira iliyofukiwa ardhini. Aliandika habari hizi mwaka 1991, akafariki mwaka 1999, asizione simu tulizo nazo leo mifukoni.

Tusianze kwa kulaumu. Kabla M-Pesa haijaanza Kenya mwaka 2007, na kufika kwetu Tanzania mwaka uliofuata, wengi wetu tuliwatumia wazazi fedha kwa kumpa dereva wa basi bahasha, kisha tukakaa na wasiwasi siku mbili. Leo mama kijijini hupata fedha kabla maji ya chai hayajachemka. Jambo hili ni jema, na mwenye kulidharau amesahau tulikotoka.

Lakini mtumishi asiyeonekana ana hatari yake. Zamani, aliyekuwa na mtumishi nyumbani alimjua jina, alimjua kwao, na aliweza kumwuliza, “Maneno ya humu ndani umempelekea nani?” Huyu wa leo hatumwoni, basi hatumwulizi.

Mama mmoja wa mtaa wetu, ambaye ametupa ruhusa ya kusimulia habari hii bila kumtaja, alikopa fedha kwa njia ya simu ili alipe ada ya mtoto. Programu ile iliomba ruhusa ya kusoma majina yote yaliyomo katika simu yake, naye akabonyeza “kubali”. Alipochelewa kulipa, ujumbe ulitumwa kwa wanakwaya wenzake, kwa mwalimu wa mtoto, na kwetu pia, ukimwita mdanganyifu. Jumapili tatu hakuonekana kanisani. Nasi hatukuwa wasafi: wengine wetu tuliusoma ujumbe ule, tukauonyesha kwa jirani.

Hapa ndipo swali lilipo. Mara kwa mara twasikia watu wakisema, “Mimi sina la kuficha.” Huenda ni kweli. Lakini je, simu yako ina mambo yako peke yako? Mna namba ya ndugu anayetibiwa kwa siri, picha ya mtoto wa jirani, na maneno uliyoambiwa na rafiki usiku wa msiba. Mama yule alipobonyeza “kubali” aliyatoa majina yetu, wala hakutuuliza. Nasi tumeyatoa majina yake mara ngapi, pasipo hata kuwa na shida ya ada? Mtu aweza kutoa kilicho chake. Cha mwenzake ni amana, na amana haitolewi na aliyewekewa.

Sheria zipo. Kenya ilitunga sheria ya kulinda taarifa za watu mwaka 2019, na Tanzania mwaka 2022. Mwaka huo huo wa 2022, kanuni za Benki Kuu ya Kenya ziliwakataza wakopeshaji wa simu kuwaaibisha wadaiwa kwa watu waliomo katika simu zao. Twashukuru. Lakini sheria huja baada ya machozi, wala haiwezi kusimama kando ya kila kidole kinachobonyeza.

Basi hatuna budi kuanza sisi wenyewe. Programu ya tochi ikitaka majina ya rafiki zetu, tuikatalie. Tochi haina haja ya majina. Kabla ya kupeleka picha au habari ya mwenzetu, tumwulize. Na aibu ya jirani ikitufikia katika simu, tuifute, kisha tumwendee mwenyewe kwa miguu.

Akina mama wawili wa kwaya walifanya hivyo. Walikwenda jioni, hawakutaja deni, wakamwomba aje mazoezini kwa kuwa sauti yake yapungua. Jumapili iliyofuata alikuja. Sisi tuliouonyesha ule ujumbe tulikuwa bado hatujamwomba radhi, na hilo halikuweza kufanywa kwa simu.