KUSEMA MAFUTA YANAVUJA: NI USENGENYI AU NI USHAHIDI?

Sifa zote njema ni za Mwenyezi Mungu, na rehema na amani zimfikie Mtume wetu Muhammad (S.A.W.), jamaa zake na masahaba wake. Ama baad.

Ndugu Waislamu wa Mususa, Ijumaa moja baada ya swala kijana alinivuta kando akaniuliza: "Shehe, shemeji yangu ni mlinzi kwenye depo ya mafuta. Tanki moja linavuja, mazuti yanaingia mferejini. Nikisema kwa wakubwa, atafukuzwa kazi, naye ndiye anayelisha dada yangu na watoto. Nikinyamaza, moyo unanisuta. Je, kusema si kusengenya?"

Swali hili si dogo. Kijana huyu amefundishwa, nasi ndio tuliomfundisha, kwamba Muislamu humsitiri ndugu yake. Lakini sitara ina mpaka wake. Tunasitiri aibu ambayo madhara yake yanaishia kwa mwenyewe. Tanki linalovuja si aibu ya mtu. Mvua ikinyesha, mafuta yale yanafuata mfereji mpaka mtoni, ambako mama zetu wanafua na watoto wanachota. Mengine yanazama udongoni, polepole, kuelekea kisima cha jirani. Ukinyamaza unamsitiri mmoja, na wengi unawaacha wazi.

Kumbukeni mfano aliotupa Mtume (S.A.W.) wa watu waliopanda jahazi moja, wengine juu, wengine chini. Wa chini wakachoka kupanda juu kuteka maji, wakataka kutoboa tundu katika sehemu yao. Hawakuwa na nia mbaya. Lakini wa juu wakiwaachia, wote wanazama. Wakiwashika mikono, wote wanaokoka.

Haya si mambo ya mbali. Tarehe 2 Julai 2010, kule Sange, Kivu Kusini, lori la mafuta lilipinduka. Watu wakaja kuchota, moto ukalipuka, na zaidi ya watu 200 wakafa. Wengine hawakuchota kitu, walikuwa ndani wakitazama mpira wa Kombe la Dunia. Tarehe 12 Septemba 2011, mjini Nairobi, mafuta yalivuja kutoka kwenye mitambo ya kampuni ya bomba la mafuta, yakafuata mfereji hadi mtaa wa Sinai. Hapo pia watu walikuja na ndoo, na zaidi ya 100 wakafa. Mvuke wa esanse hauonekani. Unatambaa chini, unafuata mfereji, na moto mdogo ulio mbali unatosha kuuwasha.

Tazameni jambo moja. Katika misiba hiyo miwili, habari ya kumwagika haikukosa wa kuieneza. Ilikwenda mbio nyumba kwa nyumba, ikiita ndoo. Hatuwalaumu marehemu, kwani umaskini ndio uliowasukuma. Lakini tujiulize: kwa nini mdomo wetu ni mwepesi kumwita mwenye bido, na mzito kumwita mwenye mamlaka?

Mtasema: "Nikienda kwa serikali nitaombwa pesa, au nitageuzwa mimi mkosaji." Hofu hiyo ina msingi, siwezi kuikana. Lakini Katiba ya nchi yetu ya mwaka 2006, kifungu cha 53, inampa kila mtu haki ya mazingira safi, na papo hapo inamwekea wajibu wa kuyatetea. Basi anayeripoti hajipendekezi, analipa deni.

Nilimwambia kijana afanye hivi. Kwanza amwambie shemeji yake, ili yeye mwenyewe amweleze mwenye depo, awe shahidi asije akawa mshitakiwa. Wasipoziba, aende kwa mkuu wa kartie na ofisi ya mazingira, pamoja na watu wawili watatu, na barua yenye siku, mahali, na kile alichokiona kwa macho. Asiongeze chumvi. Asiite umati wa kuvunja mali. Mwenye kuzidisha ametoka kwenye ushahidi, ameingia kwenye uzushi. Na kama mafuta tayari yamejaa njiani, asingoje barua: awaondoe watu, azime majiko, apige kelele.

Na ninyi wenye depo, msimfukuze anayewaambia ukweli. Amewaokoa na hasara ya dunia na hesabu ya akhera.

Limebaki neno letu sote. Ni rahisi kumwambia mwenzako aseme kweli wakati mkate unaokatika ni wake. Shemeji huyo akifukuzwa kwa sababu ya kweli, watoto wake ni watoto wa msikiti huu. Tusipokuwa tayari kuwalisha, tusimlaumu aliyenyamaza.

Mwenyezi Mungu atupe ulimi wa haki na mkono wa kusaidia. Amin. Wabillahi tawfiq.