Neno Lililomshinda Mwenyewe



Hivi karibuni, baada ya ibada ya vijana, binti mmoja anayesoma fasihi alituuliza swali tukakosa jibu. Mwalimu wao amewafundisha kwamba katika tanzia shujaa huanguka kwa sababu ya dosari moja iliyo ndani yake. Akauliza: "Pasta, hiyo dosari ni dhambi au si dhambi?" Tukamwambia atajibiwa kwenye jarida. Basi leo tujaribu.

Kwa Kiswahili cha kila siku tanzia ni habari ya kifo. Wanafasihi wamelichukua neno hilo kuita mchezo au hadithi ya mtu mkubwa anayeangamia. Aliyefundisha habari hizo zamani ni Aristotle wa Ugiriki, aliyeishi zaidi ya miaka 300 kabla ya Kristo. Alisema shujaa wa namna hiyo si mtakatifu wala si mwovu. Ni mtu wa katikati, na haanguki kwa ubaya wa moyo bali kwa hamartia. Waliopita chuo cha Biblia watashtuka hapo, maana hamartia ndilo neno lile lile ambalo Agano Jipya la Kigiriki linatumia kwa dhambi. Asili yake ni ya mtu anayerusha mkuki akakosa shabaha. Aristotle alikusudia kosa, Paulo alikusudia dhambi, na neno ni moja. Kwa hiyo binti yetu hakuuliza swali la kitoto.

Wengine wetu tunakijua kitabu cha Ebrahim Hussein wa Tanzania kiitwacho Kinjeketile, kilichotoka mwaka 1969. Kinjeketile Ngwale alikuwa mtu wa kweli, wa Ngarambe, upande wa Rufiji. Wajerumani walikuwa wakiwalazimisha watu kulima pamba kwa viboko. Makabila yalikuwa mengi, na kila moja liliogopa peke yake. Kinjeketile akatangaza kwamba amepewa maji, na mwenye kuyapokea risasi ya Mjerumani haitamdhuru. Watu wakamwendea kwa wingi, wa makabila ambayo hayakuwahi kukaa pamoja. Vita vilianza Julai 1905. Yeye mwenyewe alinyongwa mapema, tarehe 4 Agosti mwaka huo huo, lakini vita viliendelea hadi 1907. Wajerumani wakachoma mashamba na maghala, na njaa ikaua wengi kuliko risasi. Wanahistoria wanataja watu kati ya 75,000 na 300,000.

Hussein amebadilisha jambo moja: Kinjeketile wa kitabuni anaishi hadi aone neno lake limefanya nini. Anatoka mtoni amepagawa, anatangaza. Akizinduka anaogopa alichokisema, kwa maana ndani yake mna ahadi kwamba watakuwa watoto wa Seyyid Said, yaani watoke kwa bwana mmoja waingie kwa mwingine. Anataka watu wangoje. Lakini umoja umekwisha kujengwa juu ya neno lile, na wapiganaji hawangoji. Mwishoni, akiwa kifungoni, rafiki yake Kitunda anamsihi aseme kwamba maji yalikuwa uongo, apone mateso. Anakataa. Anahofu kwamba Wajerumani watayachukua maneno yake kuwaambia watoto watakaozaliwa kwamba baba zao walipigania upuuzi.

Tulipokisoma mara ya kwanza, tukiwa vijana, tulimpigia makofi. Hata leo, kukataa kwake mbele ya mnyongaji tunakuheshimu. Swali letu ni la zile siku za katikati, alipokwisha kuwa na shaka, na watu wake mwenyewe wananoa mikuki. Mbele ya adui mtu anaweza kunyamaza kwa heshima. Je, mbele ya watu wake?

Hapo Biblia inatuletea Yeftha, na tunashangaa kwa nini wakimbizi hatumhubiri zaidi. Someni Waamuzi 11. Ndugu zake walimfukuza wakimnyima urithi, akakimbia, akakaa nchi ya Tobu. Alikuwa mkimbizi kama sisi. Vita ilipowabana, wazee wale wale wakaja kumwomba arudi awe kichwa chao. Kabla ya kupigana akamwekea Mungu nadhiri: chochote kitakachotoka mlangoni kumlaki akirudi salama, atakitoa sadaka ya kuteketezwa. Mungu hakuwa amemdai nadhiri hiyo. Akashinda, akarudi, na aliyetoka na matari na kucheza ni binti yake, mtoto wake wa pekee.

Yeftha alirarua nguo zake, akasema kinywa chake kimekwisha kumfungulia Bwana na hawezi kurudi nyuma. Binti akaomba miezi miwili ya kulia milimani na wenzake. Miezi miwili, wapendwa! Na torati, katika Walawi 27, ilikuwa imeweka fedha ya kumkomboa mtu aliyewekewa nadhiri: msichana wa kati ya miaka 5 na 20 ni shekeli 10, mwanamke mzima shekeli 30. Walimu wa Kiyahudi wa zamani walisimulia kwamba kuhani Finehasi angeweza kuifungua nadhiri ile. Lakini kuhani alisema, yeye ndiye mwenye shida, mbona nimwendee? Na Yeftha akasema, mimi ni kichwa cha Israeli, mbona nimwendee? Kati ya hao wawili, msichana akafa. Masimulizi hayo hayamo katika Biblia, lakini yeyote aliyekaa katika mabaraza ya kanisa ataona yanafanana na kweli.

Sasa tumjibu binti yetu. Tunaona nadhiri ya Yeftha ilikuwa mkuki uliokosa shabaha. Ilisemwa kwa hofu, na labda kwa upendo wa watu wake. Dhambi ilikuwa katika ile miezi miwili, alipojua mkuki umeangukia wapi, akachagua kulinda neno lake. Kuna atakayetupinga akisema Waebrania 11 inamtaja Yeftha kati ya mashujaa wa imani. Ni kweli, anatajwa, na sisi tunafurahi kwamba yumo.

Tusiyaseme haya kana kwamba ni ya watu wa kale. Krismasi ya mwaka 2016 sisi tunaoandika ukurasa huu tulisimama madhabahuni tukatangaza kwamba Bwana ametuonyesha ndege, na kwamba familia nyingi za kanisa letu zitakwenda nchi ya tatu kabla ya Pasaka. Watu walikuwa wamekata tamaa. Wenye asili mbalimbali, waliokuwa hawasalimiani, siku ile walikumbatiana na kulia. Tuliona matunda, tukadhani matunda yanathibitisha neno. Januari 2017 Marekani ikasimamisha kwa muda kupokea wakimbizi. Wakati huo wapo waliokwisha kuuza mbuzi na vyombo, na wazazi waliokuwa hawalipi tena karo, kwa maana watoto watasoma kwingine. Pasaka ikapita. Tulihubiri juu ya subira. Tulihubiri juu ya imani ya Ibrahimu. Neno "tulikosea" hatukulisema mwaka ule mzima, na sababu tuliyojipa ilikuwa kama ya Kinjeketile: tukilirudisha neno, umoja utavunjika na maadui wa kanisa watacheka.

Marekani ilipofunga mlango tena Januari 2025, kijana mmoja alituuliza mbele ya watu kama tuna maono yoyote safari hii. Tulistahili. Jumapili iliyofuata tukaungama hadharani yale ya 2016, tukaanza kuwaendea waliouza, nyumba kwa nyumba. Wengi walisema wamekwisha kusahau, kwa adabu tu.

Mama mmoja mjane alikuwa ameuza cherehani yake kwa jirani. Tulipomaliza kumwomba msamaha alinyamaza, akatupa chai, kisha akasema: "Pasta, nimesamehe. Lakini yule jirani alikaa na ile cherehani miezi minne kabla hajaiuza, na bei yake ilikuwa ile ile. Kama ungekuja wakati ule, ningeirudisha."