Tumlilie Wapi Mfungwa?

Mtu wako akiwekwa ndani kwa sababu ya siasa, utakwenda kumlilia wapi? Vijana wenzangu hapa Kihonda husema: getini kwa gereza, hakuna kuzunguka. Mimi nabisha. Askari wa getini anashika ufunguo wa mlango tu, ufunguo wa kesi hana.

Akina mama wa Kenya walilijua hilo. Februari 28, 1992 walimpelekea Mwanasheria Mkuu ombi la kuachiwa wafungwa 52 wa kisiasa. Kisha wakaketi Uhuru Park, katikati ya Nairobi, wakagoma kula, na Wangari Maathai akiwa nao. Mpita njia hakuweza tena kusema hajui. Machi 3 polisi wakaja na virungu. Baadhi ya akina mama wakavua nguo mbele yao. Kwa mila, hiyo ni laana nzito.

Walipofukuzwa wakahamia Kanisa Kuu la Watakatifu Wote, jirani na hapo. Je, walikimbia? Walikaa mle karibu mwaka mzima, na kufikia mapema 1993 wafungwa wengi walikuwa wameachiwa.

Basi naona hivi: bustanini kilio kilisikika, kanisani kikadumu. Anayetaka kuonekana tu huenda anatafuta sifa. Anayetaka kujificha tu anatafuta usalama wake. Mfungwa hana pa kuchagua. Sisi tulio nje tuchague mahali ambapo kesho, na keshokutwa, bado tutakuwepo.